Siku Niliyoitwa Qurayyat

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusoma habari za barabara zilizofungwa. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ghorofani juu ya duka la viatu, katika mji wa bandari kusini mwa Uingereza ambako wazazi wangu walifikia baada ya kutoka Unguja, na ambako mimi nilizaliwa. Kila asubuhi kabla ya jua kutoka nilieleza lori gani limepinduka wapi na foleni imefika wapi. Baba alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mikate. Wenzake walifungulia redio kando ya mashine ya kukatia, wakamuuliza, "Huyo ndiye mwanao?" Akawajibu ndiye, kisha akirudi nyumbani alinikemea kwa kumeza maneno. "Itoe *th* yako barabara," aliniambia. "Sisi hiyo tunayo, tumefundishwa chuoni, kwenye Kurani, tangu wadogo. Usijifanye ulimi mzito."

Kutoka redioni niliingia televisheni ya mkoa. Mhariri wangu, mwanamke mwenye sauti iliyokwaruzwa na sigara, aligundua mapema jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua: nikipelekwa kwenye nyumba yenye msiba, mlango unafunguliwa. Wenzangu walifukuzwa, mmoja alimwagiwa maji. Mimi nilikaribishwa ndani, nikapewa chai, nikaletewa picha za marehemu alipokuwa mchanga.

Sikuwa na hila yoyote. Nilifanya nilivyofunzwa. Tangu utotoni mama alinichukua taziyani, kila alipofariki mtu katika zile familia chache za kwetu mjini pale. "Ukiingia kwa mfiwa usiseme kitu," alikuwa akinionya njiani. "Kaa. Akitaka kusema atasema. Akilia mwache alie, usimwambie nyamaza." Basi nilivua viatu mlangoni, nikakaa, nikanyamaza. Waingereza wale hawakupata kumwona mwandishi wa habari akivua viatu. Baada ya robo saa walikuwa wakinieleza kila kitu, na mpiga picha wangu keshasimama pembeni, taa ndogo nyekundu inawaka.

Siku moja mama aliniona nikimhoji baba aliyefiwa na watoto wake wawili barabarani. Alikitazama kipindi mpaka mwisho, mikono magotini. Nilitaraji anisifu, kwani ofisini nilisifiwa sana.

"Ulirudi kuwatazama?" akaniuliza.

"Nani?"

"Hao wafiwa. Siku ya tatu, ulirudi?"

Sikuwa nimerudi. Siku ya tatu nilikuwa nyumba nyingine, nimevua viatu kwa watu wengine.

Hivyo ndivyo nilivyopanda. Baada ya miaka michache nilichukuliwa na televisheni ya taifa, nikawa natumwa kwenye mafuriko, moto, migodi iliyoporomoka. Nilijua kusimama mbele ya kamera bila kupepesa macho. Nilijua kumsikiliza mtayarishaji akinisemesha sikioni kupitia kile kidude cha plastiki huku mdomo wangu ukisema jambo jingine kabisa. Watu hudhani hilo ni gumu. Ukizoea, ni kama mama anayesuka ukili huku akiongea na jirani.

Kisha kikaja kimbunga kilichopiga Oman.

Lazima nieleze watu wangu walivyokuwa. Mama yangu alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu mkubwa. Walipotawanyika kutoka Unguja, mama alimfuata baba Uingereza, na mama mkubwa aliolewa na mtu wa Qurayyat, mji wa pwani ulio mbali kidogo kusini mwa Maskati, akahamia huko. Alijaaliwa mtoto mmoja, binti aliyenipita miaka miwili. Mimi nikimwita dada, na yeye akinitambulisha kwa watu kuwa ni mdogo wake, tumbo moja. Kila kiangazi nilipopelekwa Oman nililala kitanda kimoja naye. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka nywele zangu mwenyewe, na ndiye aliyenicheka hadi akalia niliposema Kiarabu cha vitabuni sokoni. Alikuja kuwa mwalimu wa sayansi katika skuli ya wasichana Maskati. Hakuolewa. Kila wiki alirudi Qurayyat kwa wazee wake.

Siku ya kimbunga aliondoka Maskati asubuhi kwenda kuwachukua wazee awapeleke mjini, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na pwani. Aliwapigia simu mara mbili njiani. Mara ya tatu hakupiga. Mabonde yale makavu, ambayo Waomani huyaita wadi, mwaka mzima huwa ni mawe na mbuzi tu. Mvua ikinyesha milimani maji hushuka bila kubisha hodi. Barabara ilikuwa imekatika mahali, na gari yake haikuonekana upande wa huku wala wa kule.

Mama alinipigia simu nikiwa kazini kuniambia dada haonekani. Nilikuwa bado nimeishika simu mkononi mhariri mkuu aliponijia. "Wewe una jamaa zako kule, sivyo?" akasema. "Na lugha unaijua." Nikamwambia binti wa mama yangu mkubwa amepotea. Alinipa pole, na najua pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akaniuliza naweza kuondoka saa ngapi.

Nilifika Qurayyat siku ya tatu, mimi na mpiga picha. Mji ulikuwa umepigwa hasa. Mashua zilitupwa hadi katikati ya mitende, friji za watu zimelala barabarani, na kila kitu kimepakwa matope ya rangi ya chai ya maziwa. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa imesimama, lakini maji yalifika kwenye swichi za taa. Uliona mstari wake ukutani. Wanawake walikaa ukumbini juu ya mikeka ya kuazima. Wanaume, na baba mkubwa miongoni mwao, walikuwa wakitafuta tangu alfajiri huko mabondeni.

Mama mkubwa aliponiona aliinuka, akanikumbatia. Hakulia. Alinipapasa uso kama anayehakikisha. "Umekula?" akaniuliza. Siku ya tatu mwanawe hajulikani alipo, ananiuliza mimi kama nimekula.

Nilikaa naye. Nilinyamaza, kama nilivyofunzwa. Kisha nikamwambia, "Mama mkubwa, watu wangu wa kazini wataka kukupiga picha. Useme mawili matatu kuhusu dada."

Akanitazama. "Itasaidia kumtafuta?"

"Itasaidia," nikasema.

Nani Uingereza angemtafuta mwanamke katika bonde la Qurayyat? Lakini alinyoosha mtandio wake, akakaa mbele ya kamera, akaeleza mwanawe ni mrefu, ana alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na aliyemwona, kwa jina la Mungu, amrejeshe. Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu nilimuuliza kwa Kiswahili. Mimi nikatafsiri. Katikati ya maneno mtandio ulimteleza na mvi zikaonekana. Nilimwona mpiga picha akimsogelea, na sikumzuia.

Saa kumi alasiri, kwao Uingereza saa saba mchana, nilitakiwa kutoa taarifa ya moja kwa moja. Nilisimama barabarani mbele ya nyumba, nikaipa mgongo, ili mitende iliyong'oka ionekane nyuma yangu kwa upande. Nilianza vizuri. Nilieleza idadi ya nyumba zilizozama na barabara zilizokatika. Kisha nikasikia gari ndogo ya mizigo ikija polepole kutoka bondeni, na wanaume wakitembea pembeni yake bila kusema. Sikugeuka. Niliiona gari kwa pembe ya jicho ikinipita. Nyuma ya gari kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa blanketi la maua mekundu.

Kilio kilianza ndani. Kisha mlango ukafunguliwa, na mama mkubwa akatoka, akaniona nimesimama pale barabarani, akaniita kwa jina.

"Njoo!" akasema. "Njoo tumpokee dadako!"

Aliniita mara tatu. Mara ya tatu sauti ilikatika.

Kwa miaka mingi, katika hafla na mahojiano, nimesimulia kwamba mtayarishaji alinishikilia sikioni, akaniamuru nisiondoke. Si kweli. Alichosema nakikumbuka neno kwa neno. Alisema, "Nasikia watu wanalia nyuma yako. Ukitaka kuondoka, ondoka tu. Tutarudi studio." Alilirudia. Alikuwa mtu mwema.

Mimi nikabaki. Nikawaambia watazamaji kwamba nimearifiwa kuna mwili umepatikana, mwili wa mwanamke, mwalimu, mwenye miaka thelathini na kitu. Nilimtaja kama mtu nisiyemjua. Sauti haikutetemeka. Nikaeleza shughuli za uokoaji zinavyokwamishwa na matope. Nikajibu maswali mawili ya mtangazaji aliye studio, nikamshukuru, nikasubiri nisikie kwamba tumetoka hewani. Ndipo nikavua kipaza sauti nikakimbia.

Mlango wa chumba walimomuingiza ulikuwa umefungwa. Nje palikuwa na rundo la makubazi. Jirani mmoja mtu mzima alitoka na ndoo tupu, akanikuta nimesimama.

"Mama yako mkubwa alisema tukungoje uje kumkosha," akaniambia. "Tumengoja. Maiti wa siku tatu hangojwi, mwanangu."

Alizikwa kabla ya magharibi. Baada ya magharibi simu ya mama ikaingia. Alikuwa kwenye kiti chake kule Uingereza, ameitazama taarifa, na kwa kuwa ndiye pekee pengine katika nchi nzima aliyejua ile sauti ya nyuma inasema nini, hakuhitaji tafsiri ya mtu.

"Nimekuona," akasema. "Na nimemsikia dada yangu akikwita. Ilikuwaje, mwanangu?"

"Sikumsikia, mama," nikasema. "Masikioni natiwa mashine. Sikusikia kitu."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Nlijua," akasema. "Nlijua haiwi. Ntamwambia dada."

Akamwambia. Asubuhi yake mama mkubwa alinishika mkono mbele ya wanawake wote, akasema, "Huyu hakusikia. Huwatia mashine masikioni, masikini ya Mungu." Wanawake wakaitikia, wakanipisha nafasi kwenye mkeka, karibu naye. Nikakaa.

Ilipokuja kujulikana Uingereza kwamba yule mwalimu alikuwa ndugu yangu, jina langu likapanda usiku mmoja. Magazeti yaliandika juu ya utulivu wangu. Gazeti moja lilitaja "kilio cha mwanamke asiyejulikana" kilichosikika nyuma ya maneno yangu. Nilipewa tuzo, kipande kizito cha kioo, na mwaka uliofuata nilipewa kiti cha kusoma habari za jioni, kile ambacho watu hukingojea maisha yao yote wasikipate.

Nilikaa kwenye kiti hicho miaka mingi. Sitadanganya kwamba sikufurahi. Nilifurahia gari iliyonijia mlangoni, na kupakwa poda na mwanamke aliyejua kila kovu la uso wangu, na ule ukimya wa sekunde chache kabla ya kuanza, wakati nchi nzima inakungoja ufungue mdomo. Nilifurahia kina mama wa Kisomali na wa Kihindi waliokuwa wakinisimamisha dukani kunishika mikono. Niliolewa na mwenzangu wa kazi, tukaachana bila ugomvi, hatukujaaliwa mtoto. Kila mwaka, tarehe ya kimbunga ilipofika, mtu fulani alirusha tena kile kipande cha Qurayyat, na mimi nilitoka chumbani nikaenda kunawa.

Mama hakuitazama tena habari. Hakusema kwa nini. Baba alipofariki, aliuza vyombo vyake akaenda Maskati kuishi na dada yake. Baba mkubwa naye alikuwa amekwisha tangulia. Hakumaliza miaka miwili baada ya bintiye. Ndugu wawili hao wajane walikodi nyumba ya chini huko al-Khuwair, nyuma ya duka la mapazia, wakaishi kama walivyoishi wasichana Unguja, wakigombana juu ya chumvi.

Na mimi zamu yangu ikafika. Kwanza nilitolewa jioni nikapelekwa asubuhi, kuhoji wapishi na watu waliopunguza unene. Kisha siku moja niliitwa kwenye chumba cha vioo, kijana mwenye umri wa kuweza kuwa mwanangu akanimiminia maji, akaniambia kipindi kinabadilishwa sura. Akatumia neno hilohilo, sura. Mkataba wangu haukuongezwa. Niliaga kwenye kamera kwa dakika moja na nusu. Nilipofika nyumbani sikuwa na mtu wa kumpigia simu isipokuwa mama, na mama alikuwa amelazwa. Figo zilikuwa zimekataa.

Nikaja Maskati. Nilidhani nakuja kwa mwezi mmoja.

Mara tatu kwa wiki nilimpeleka mama hospitali kusafishwa damu. Siku nyingine nilikwenda mtaa wa Qurum, kwenye ofisi ya vijana wawili wanaotengeneza sauti za simu. Nilikuwa nikirekodi yale maneno ya Kiingereza unayoyasikia ukipigia benki au zahanati: kwa huduma hii bonyeza moja, wahudumu wetu wote wana shughuli, tafadhali endelea kusubiri. Walinilipa vizuri na waliniheshimu. Mmoja alisema bibi yake Mwingereza wa kufikia aliwahi kunitazama. Nilisoma kurasa nzima za kusubiri. Mama alipopiga simu zahanati mara moja akanisikia, alimgeukia dada yake akasema, "Huyu hapa anatwambia tungoje," wakacheka mpaka mama akapaliwa.

Mama mkubwa alinipokea kama mtoto wa nyumba. Hilo ndilo nililokuwa silimudu. Hakunitafutia kiti. Aliniamsha alfajiri kwa kunigonga mguu, alinituma sokoni, alinilaumu kwa wali uliokuwa na maji. "Miaka yote Uingereza umekula nini wewe?" alikuwa akisema, ananinyang'anya mwiko. Alinipa nguo za dada za kuvaa nyumbani, kanga zile laini kwa kuoshwa, bila kusema ni za nani. Akija mgeni akaanza kunitazama, akijiuliza uso huu kauona wapi, mama mkubwa alimuwahi. "Mwanangu huyu. Alikuwa kwenye televisheni. Ndiye alokuwepo Qurayyat siku ile, wala hakunisikia, masikini, kwa ile mashine." Alilisema hilo kila mara, hata pale ambapo mtu hakuuliza. Nilikuja kufahamu kwamba halisemi kwa ajili ya wageni.

Mama alikufa asubuhi, kabla hatujatoka kwenda hospitali. Nilikuwa namvisha soksi. Alisema mguu mmoja una baridi, nikausugua, na nilipoinua uso alikuwa keshakwenda.

Safari hii nilikuwepo kwenye kukosha. Mama mkubwa alisimama kichwani na kuniongoza, mimi nisiyejua kitu, niliyekaa kwenye misiba mia na sikuwahi kumkosha maiti hata mmoja. "Anza upande wa kulia. Taratibu. Mnyanyue mkono, usimvute." Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na mwili wa mama ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Tulipomaliza kumkafini mama mkubwa akanifuta mikono kwa kanga yake mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

Ilipopita arubaini alisema anataka kurudi Qurayyat. Ile nyumba ya zamani ilikuwa imekarabatiwa na mtoto wa shemeji yake, ambaye anaishi humo na mkewe, na walikuwa wamemtengea chumba. "Hapa nakaa na nani?" akasema. Nilimwambia akae nami. "Wewe nawe utakuja," akanijibu. "Kwani Qurayyat ni mbali? Gari unayo."

Nilimpeleka siku ya Alkhamisi asubuhi. Mabegi yake yalikuwa mawili, na mtungi wa achari ya ndimu aliupakata mwenyewe. Njiani alisema mengi, juu ya mama, juu ya jinsi walivyokuwa wakiiba zabibu za baba yao. Barabara ya siku hizi ni mpya na pana. Wadi unaipita juu ya daraja bila hata kupunguza mwendo. Mimi nilipunguza. Mama mkubwa alitazama chini, kwenye mawe makavu, akasoma Fatiha, akajipangusa uso kwa viganja.

Kisha akaniwekea mkono gotini. "Mimi nna uchungu wangu," akasema, "lakini nlikuwa nkimwambia mama yako, wako wewe mkubwa zaidi. Mimi nlimpokea mwanangu. Nlimkosha, nkambusu. Wewe kidude kile kilikunyima. Umesimama hapo hapo, na hujui."

Nadhani ningalivumilia kitu kingine chochote. Kama angalinilaumu ningalijitetea, maana kujitetea najua, nimelipwa kwa kazi hiyo. Nilisogeza gari kando, kwenye changarawe baada ya daraja, nikasimama.

"Mama mkubwa," nikasema. "Nilikusikia."

Hakuelewa. "Eeh?"

"Siku ile. Nilikusikia ukiniita. Mara zote tatu."

"Na mashine?"

"Ya sikio moja tu. Na aliyekuwamo aliniambia niende. Aliniambia mara mbili. Mimi ndiye niliyekaa."

Magari yalikuwa yakitupita, na kila lori likipita gari yetu inatikisika. Aliuondoa mkono wake gotini mwangu. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuondoa kama mtu aliyegundua amekalia kiti cha mwenziwe. Akaushika mtungi wa achari kwa mikono yote miwili.

"Mama yako alijua?" akauliza.

"Hapana. Nilimdanganya siku ileile."

"Alhamdulillah," akasema. "Kafa hajui." Akatazama mbele. Nilimwona anazeeka, sijui niseme vipi, mabega yalishuka yakawa ya mtu mwingine. "Na mimi ungeniacha," akasema. "Mimi ni mtu mzima, nimebakisha siku ngapi? Ungeniacha nalo hilo."

Nikaanza kumwomba radhi. Nilisema mengi, kwa Kiswahili, na mara hii sauti ilinitetemeka vilivyo. Aliningoja nimalize.

"Endesha, mwanangu," akasema. "Jua kali. Wanatungoja."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema. Wapo rafiki zangu wa Uingereza wanaonipongeza, wanasema ukweli ni ukweli. Mimi sina hakika. Nilikuwa nimeubeba mzigo nikauchoka, nikautua juu ya mwanamke wa miaka themanini na ushei kwa sababu alinigusa goti kwa huruma. Siku ile ya kimbunga nilijifikiria mimi, na siku ile ya daraja vilevile.

Alinisamehe. Nilipomuaga jioni yake alisema waziwazi, mbele ya mlango, kwamba amenisamehe duniani na akhera, na kwamba hana kinyongo. Si mtu wa kusema asilolikusudia.

Tangu hapo nakwenda Qurayyat kila Ijumaa. Nikibisha hodi, mke wa mtoto wa shemeji yake ananipokea, ananipeleka majlisi, chumba cha wageni, kwenye makochi yaliyofunikwa nailoni. Mama mkubwa anakuja baada ya muda, amekwisha badili nguo, amejitia udi. Ananipa mkono. Ananiuliza hali, hali ya kazi, hali ya barabara. Inaletwa sinia: tende, halua, kahawa, matunda yaliyokatwa na uma mdogo kando yake. Anaimimina yeye kahawa, ananisogezea kikombe kwa mkono wa kulia, ananikaribisha mara ya pili na ya tatu kama inavyostahili. Mara moja nilijaribu kuinuka nikaoshe vyombo, akanizuia. "La, la," akasema kwa upole. "Mgeni haoshi vyombo." Nikakaa. Baada ya saa moja mimi huaga, naye husimama mlangoni mpaka gari yangu ikate kona.